Goti la Nairobi

Mama mkwe wangu alikwenda Nairobi kuwekewa goti jipya katika ile miaka ambayo wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameshajaa Bariadi, kila kijiji kina mizani tatu nne zinazoangaliana kwa chuki. Shemeji yangu, mtoto wake wa kiume wa pekee, alikuwa wakala wa mmoja wa wanunuzi hao. Mimi nilikuwa upande wa pili. Nilikuwa karani wa chama cha ushirika, na chama kilipokosa pamba ya kununua, kikakosa pia kazi ya kumpa karani. Soko huria lilimpa shemeji gari la kampuni na simu ya mkononi. Bariadi haikuwa na mtandao bado, lakini aliivaa kiunoni hivyo hivyo, na ukimsalimia aliigusa kwanza ndipo aitikie. Mimi lilinipa muda mwingi wa kukaa nyumbani, na kiinua mgongo ambacho nilikigeuza pikapu kuukuu ya kubebea mizigo ya watu.

Goti la mama mkwe lilikuwa bovu kweli, hilo sikatai. Alikuwa amelima pamba tangu akiwa msichana, amezaa, amefiwa na mume, amelima tena. Alikuwa akitembea mguu wa kulia umepinda kwa nje kama upinde. Shemeji alipopata fedha alisema mama yake hatakatwa na madaktari wa karibu, atapelekwa mahali ambapo hospitali ina lifti. Akampeleka. Alikaa naye huko muda wote, akimtafsiria kwa daktari, maana mama mkwe alikuwa na Kisukuma cha kutosha watu wawili na Kiswahili cha kununulia chumvi, Kiingereza hata cha kuombea maji hakuwa nacho.

Aliporudi, mguu umenyooka, kijiji kizima kilikuja kuangalia. Wanawake waliomba kuligusa goti. Mzee mmoja jirani aliuliza kama ni kweli ndani kuna chuma, na alipoambiwa ndiyo akashauri mama asikae nje mvua ikiwa na radi. Mwingine alitaka kujua kama siku ya kiyama mtu atafufuka na goti lake au na lile la Nairobi, na katekista akasema swali hilo atalipeleka kwa padri. Shemeji alichinja ng'ombe. Katika hotuba yake alisema "goti letu" mara nyingi kiasi kwamba mgeni angedhani limewekwa kwa ukoo mzima.

Shida ni kwamba liliendelea kuuma.

Mwanzoni tuliambiwa ni kidonda, kitapona. Kidonda kikapona, kikabaki kovu refu, jembamba, zuri la kuonyesha watu. Maumivu yakabaki nalo. Mvua za kwanza zikaja na kuondoka, mahindi yakavunwa, na mama mkwe akawa anatembea na fimbo akichechemea kuliko alivyochechemea kabla ya Nairobi. Akiulizwa panapouma anagusa goti. Akiulizwa panauma vipi anasema, "Panauma tu." Shemeji alirudi naye Nairobi mara moja, daktari akapiga picha, akasema goti limekaa barabara, halina usaha, halijalegea, mama aongeze mazoezi. Akapewa vidonge. Vidonge vikaisha.

Hapo kila mtu akawa daktari. Mke wangu alisema ni baridi ya chuma, akamshonea mama yake kifuniko cha goti kwa sufu. Jirani wa radi alisema anajua mtu wa Bukundi anayetoa vitu mwilini kwa kunyonya na pembe, na kwamba chuma kwake si tatizo. Mama mkwe, Mkatoliki wa kufunga Ijumaa zote, alimwambia kama chuma kile kimeingia kwa nyundo hakitatoka kwa pembe. Shemeji alisema mama hafanyi mazoezi. Mama mkwe alisema mazoezi ameyafanya kwa jembe tangu kabla ya shemeji kuzaliwa.

Mimi sikusema kitu, na si kwa sababu ya hekima. Nilikuwa mkwilima. Kwa desturi ya Wasukuma, na nyumba ya wakwe zangu iliishika kuliko nyumba nyingi, mwanamume na mama wa mke wake huheshimiana kwa umbali. Hawapeani mikono. Hawali chakula pamoja wala kuketi mkeka mmoja. Tukikutana njiani, yeye akitoka kisimani, alikuwa anaiacha njia na kuingia kwenye mtama, na mimi nageuka kuangalia upande wa pili kana kwamba nina ng'ombe wangu huko. Salamu tulipeana tukiwa tumeinamisha vichwa, kila mmoja akiisalimia ardhi ya mwenzake. Mambo ya mwili wake hayakunihusu kabisa. Kwangu mimi, kwa adabu, mama mkwe alikuwa kichwa na kanga. Hapo katikati hapakuwa na kitu.

Aliyekata shauri ni mke wangu. Alikuwa na mimba kubwa, miguu imevimba, na hasira za mtu ambaye kila anayemwona anamwambia apumzike.

"Mama aonwe na daktari mwingine," alisema. "Mwanza kuna kliniki mpya za watu binafsi. Nasikia kuna daktari wa mifupa, mwanamke, Msukuma mwenzetu."

"Kaka yako atasema nini?"

"Atasema maneno. Ana kazi gani nyingine?"

Shemeji alisema maneno. Alikuja na gari la kampuni, akasimama uani bila kuzima injini. "Goti la Nairobi likakaguliwe Mwanza? Shemeji, wewe saa yako ikitoka dukani unaipeleka kwa fundi wa baiskeli?"

Nikamwambia saa ikitoka dukani na haisemi saa, naipeleka kwa yeyote mwenye macho. Hakucheka. Akasema yeye hakatai, ila hatakwenda kumdharau daktari aliyemtengeneza mama yake, na kwamba ni msimu, pamba iko kwenye mizani, hana nafasi. Mke wangu hakuweza kusafiri. Nesi alikuwa amemwambia barabara ya Lamadi itamzalisha kabla ya kufika Lamadi. Dada za mama mkwe walikuwa mashambani wakichuma pamba. Akabaki mtu mmoja mwenye gari na asiye na kazi.

Mama mkwe alipoambiwa atasafiri na mimi peke yangu, aliuliza kama yeye anaweza kukaa nyuma, kwenye bodi, pamoja na magunia. Mke wangu alimwambia kwa mguu ule asithubutu. Basi akapanda mbele, akajisukuma mpaka mlangoni, akajifunika kanga hadi puani. Kati yetu akaweka tenga lenye jogoo, zawadi ya daktari. Jogoo ndiye aliyekuwa ukuta. Baadaye akawa mkalimani pia.

"Jogoo," alisema kwa Kisukuma tulipoingia kwenye makorongo ya kwanza, "mwambie anayeendesha kwamba mimi si gunia la pamba."

Nilipunguza mwendo. Nikamwambia jogoo kuwa anayeendesha amesikia, tatizo ni barabara haisikii.

Kanga ilitikisika kidogo. Sikuwa na hakika kama ni kicheko au ni korongo.

Hivyo ndivyo tulivyosafiri. Kupitia kwa jogoo nilijua kwamba nyumba ya bibi fulani tuliyoipita ilijengwa kwa pamba ya mwaka wa kwanza wa wanunuzi binafsi, na kwamba tangu hapo haijaongezewa hata dirisha. Nilijua kwamba mke wangu utotoni alikuwa mvivu wa kusaga. Jogoo alipotaka kujua kama chama cha ushirika kitarudi, nilimjibu kwamba sijui, na akasema pole, na ile pole nilijua haikuwa ya jogoo.

Tulipofika Kalemela, barabara inapokaribia ziwa, alisema anataka kushuka anyooshe mguu. Hapo ndipo nilipoona jinsi mambo yalivyokuwa. Pikapu ile ilikuwa juu, na kushuka kulihitaji mkono wa mtu. Mkono wangu haukuruhusiwa. Nilizunguka nikafungua mlango, kisha nikarudi nyuma hatua kadhaa kama askari wa gwaride. Mama mkwe alishika mlango, akatoa mguu wa kushoto, ule mwingine ukakataa kufuata. Alijaribu kuuinua kwa kuikamata suruali aliyovaa chini ya kitenge, akaguna. Sauti ile sijaisahau. Mama mkwe hakuwa mtu wa kuguna.

Wanawake waliokuwa wakiuza samaki pembeni ya barabara walianza kunishambulia.

"We baba, unamwangalia tu mama anahangaika?"

"Mwanaume mzima, mikono mfukoni!"

"Ni mkwe wangu," nikasema.

Walitulia papo hapo. "Aa," alisema aliyekuwa mkali kuliko wote, "basi kaa huko huko." Wakaja watatu, wakamshusha, wakampeleka nyuma ya vibanda, wakamrudisha, wakampandisha, na wakamfungashia samaki wakavu. Mimi nilibaki nikiangalia ziwa. Kwa jinsi nilivyoliangalia, mtu angefikiri nataka kulinunua.

Kliniki yenyewe ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vipuri vya magari, kama kliniki nyingi za miaka ile zilivyokuwa: popote palipopatikana chumba na rangi nyeupe. Mama mkwe alipanda ngazi ngazi moja baada ya nyingine, akishikilia ukuta, na mimi nyuma yake na tenga la jogoo, tayari kumdaka lakini nikiomba Mungu nisilazimike.

Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa mke wangu, mwembamba, nywele fupi, amevaa miwani inayoteleza. Alipomwona mama mkwe aliinuka, akapiga goti kidogo na kumsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, maama," yaani kama mjukuu anavyomsalimia bibi yake. Mama mkwe aliteremsha kanga kutoka puani. Tangu Bariadi ndiyo mara ya kwanza kuuona uso wake wote, na nikaangalia haraka picha ya mifupa iliyotundikwa ukutani.

Daktari alipokea jogoo kwa mikono miwili, akamweka chini ya meza bila kushangaa, akatazama picha za Nairobi nilizobeba. Alizitazama kwenye taa muda mrefu.

"Wamefanya kazi safi," alisema. "Haya, maama, panauma wapi?"

Mama mkwe aligusa goti.

"Hapa tu?"

"Hapa."

"Unapolala kitandani ukigeuka, panauma?"

Mama mkwe alinitazama, nami nikaitazama picha ya mifupa. "Panauma tu," alisema.

"Ukivaa viatu? Ukiinama kukata kucha za miguu?"

Mama mkwe alirudisha kanga mdomoni. Mimi, kwa kudhani nasaidia, nikasema kwa Kiswahili, "Daktari, mama anasema ni goti."

Daktari alisukuma miwani juu, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Wewe ni mwanawe?"

"Hapana, ni mkwilima."

Aliweka kalamu mezani. Aliuma mdomo, lakini kicheko kilimtoka puani. "Kaka yangu," alisema, "umefanya vizuri sana kumleta. Sasa toka nje. Na mlango ufunge."

Nilikaa kwenye benchi la ushoroba na mwanamume mmoja mwenye mkono wa plasta ambaye alinihadithia jinsi alivyoanguka kwenye meli. Kutoka ndani nilisikia kwanza sauti za chini. Kisha nikasikia mama mkwe akiongea. Akiongea, nasema, mwanamke ambaye katika miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa nimemsikia akisema salamu na, siku ile, mambo ya jogoo. Aliongea kama bomba lililoziba likazibuliwa. Daktari akauliza kitu, yeye akajibu, wakacheka wote wawili. Wakacheka tena. Yule wa plasta aliniuliza, "Humo ndani kuna mgonjwa kweli?"

Baadaye mlango ulifunguliwa, nesi akamshika mkono mama mkwe na kumpeleka jengo la jirani kupiga picha nyingine. Walipita mbele yangu. Mama mkwe alikuwa amejifunika tena, lakini alikuwa akitembea kichwa kimeinuka, kama mtu aliyetoka kuungama.

Picha ilipokuja daktari aliniita peke yangu.

"Nitakueleza," alisema, "na nitajitahidi kukueleza kwa heshima. Goti lake halina kosa. Limekaa vizuri, linakunja vizuri, nimepima damu, hakuna maambukizi. Kinachouma ni nyonga. Imechakaa, mfupa unasaga mfupa. Maumivu ya nyonga mara nyingine hushuka kwa mbele ya paja mpaka kwenye goti, mtu akaona goti ndilo linalouma. Lakini yeye anajua pengine panapouma. Amejua tangu mwanzo."

"Mbona hakusema?"

"Angemwambia nani? Panaanzia kinenani." Alitamka neno hilo haraka, kwa huruma, lakini masikio yangu yalipata moto. "Nairobi alitafsiriwa na nani?"

"Na mwanawe."

"Wa kiume?"

"Ndiye aliye naye."

"Basi. Mama wa Kisukuma amwambie kijana wake amwambie daktari panauma hapo? Akasema goti. Na goti nalo lilikuwa bovu kweli, nimeona picha za kabla, mtu yeyote angelitengeneza. Wakalitengeneza. Ikabaki nyonga aliyoificha." Alivua miwani akaifuta. "Leo alikuwa amejiandaa kuniambia goti tena, maana wewe ulikuwepo. Nilimgeuza mguu kidogo tu kwa ndani akaruka, nikamwambia maama, mimi mjukuu wako, mbele yangu huna aibu. Ndipo akanieleza yote. Na mengine ya mama yake mkwe, ambayo hayahusu tiba."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, sikujua nianze na lipi. Nilifikiria kanga ile hadi puani, na miezi yote aliyokaa na watu wakimgusa goti, wakimsifia goti, wakimlaumu kwa goti.

Daktari alimpa vidonge, akamfundisha mazoezi ya kufanya akiwa amelala, na akamwonyesha kwamba fimbo alikuwa akiishika mkono usio wenyewe. Alikuwa akiishika upande unaouma, kama tungefanya sote. "Ishike kushoto, maama. Mguu mbaya na fimbo viende pamoja." Mama mkwe alijaribu ushorobani, mara ya kwanza kwa kusitasita, mara ya pili akaenda mpaka mwisho na kurudi, akamwambia yule wa plasta asogeze miguu. Dawa zitasaidia kwa muda, daktari alisema, lakini siku moja nyonga itahitaji kubadilishwa kama goti lilivyobadilishwa. "Na siku hiyo," aliniambia kwa Kiswahili, "apelekwe na mwanamke."

Njiani kurudi jogoo hakuwepo, na kiti chake kilikuwa wazi. Tulifika Magu. Kisha mama mkwe, akitazama dirishani, alisema kama anayesema na mashamba ya mpunga, "Yule binti ana mikono baridi, lakini ana akili."

"Ndiyo, mayu," nikasema, yaani mama.

Ilikuwa mara ya kwanza kumjibu moja kwa moja. Hakushtuka. Nilikanyaga mafuta kidogo.

Kazi kubwa ilikuwa kumweleza shemeji. Alinikuta uani jioni ileile, mama yake ameshaingia ndani kwa mke wangu, na kupitia ukuta tuliwasikia wakiongea kwa minong'ono na mke wangu akisema, "Mama! Mama! Kwa nini hukuniambia?" Shemeji alisimama mikono kiunoni, kidole kwenye simu.

"Haya, fundi wa baiskeli kasemaje?"

Nilijaribu kuanza. Ukijua kwamba unataka kumwambia mwanamume habari za kinena cha mama yake, na kwamba mama huyo ni mkwe wako, utagundua kuwa Kiswahili ni lugha finyu. Nilisema "sehemu ya juu". Akasema juu wapi, kichwani? Nikasema juu ya goti. Akasema paja? Nikasema juu zaidi kidogo, kwa pembeni. Alinikazia macho. Mwishowe nikaikimbilia pikapu.

"Shemeji, unakumbuka gari langu lilivyokuwa likigonga mbele kulia, nikabadilisha tairi, nikabadilisha na beringi?"

"Na likaendelea kugonga."

"Likaendelea. Kumbe ni bushi za juu kule, sauti ndiyo ilikuwa ikishuka kwenye gurudumu. Tairi ilikuwa nzima. Beringi nzima. Nilichokibadilisha kilistahili kubadilishwa, lakini kilichogonga kilikuwa juu."

Alifikiri. Shemeji si mjinga; ni kwamba tu wenye simu kiunoni huonekana hivyo. Nilimwona akiipandisha habari polepole, kutoka gurudumuni hadi kwenye bushi, mpaka ikafika mahali pake, na macho yake yakaanguka chini.

"Kwa hiyo wakati daktari ananiuliza kule… na mimi namuuliza mama…"

"Ndiyo."

"Akaniambia goti."

"Ungetaka akuambie nini?"

Alikaa juu ya ngazi ya mlango, akiwa na suruali yake iliyopigwa pasi. Kuku walipita. Kisha akainua kichwa, na nikaona uso wake unabadilika kidogo kidogo kutoka aibu kwenda mahali pengine.

"Lakini goti lenyewe ni zima?"

"Zima kabisa. Daktari kasema kazi safi."

"Kazi safi," alirudia. "Amesema hivyo? Kwa maneno hayo?" Akainuka, akapangusa suruali. Kesho yake mnadani nilimsikia kwa masikio yangu akiwaambia watu kwamba goti la mama yake limekaguliwa Mwanza na bingwa, na bingwa amevua miwani.

Mke wangu alijifungua mwezi uliofuata, mtoto wa kike mwenye sauti ya bibi yake mzaa mama, yaani ya baada ya kuzibuliwa. Mama mkwe alikuja kukaa nasi kumsaidia, jambo ambalo kabla ya safari ile lingehitaji vikao. Tuliweka utaratibu: mimi nilikula barazani, wao jikoni, na mahitaji yalipita katikati kwa sauti ya juu bila kutaja jina la mtu. Polepole akaanza kuniuliza mambo bila kuzunguka. Mapacha wa jirani wameuza pamba kwa nani? Chai hii nimeifanya chungu? Siku moja alinipa mtoto mkononi mwenyewe, haraka, huku anatazama dari. Dada yake mkubwa aliyeona alimsema. Yeye akasema, "Amenipeleka kwa daktari. Atanila?"

Nyonga ilibadilishwa Nairobi mwaka uliofuata. Shemeji alitoa gharama bila hotuba, na safari hii alibaki Bariadi na pamba yake. Mke wangu ndiye aliyekwenda, mtoto mgongoni, akatafsiri kila kitu, hata yale ambayo daktari hakuuliza. Alisema mama yake chumbani kule alikuwa akinyoosha kidole panapouma kama anayeelekeza mtu njia ya sokoni.

Alipona kwa kiasi kikubwa. Si kabisa; asubuhi za kipupwe alianza siku kwa kusimama kwanza akiushika mlango, akiusubiri mguu umkubalie. Lakini alirudi shambani, akipalilia mistari mifupi na kuwakaripia wa mistari mirefu, na Jumapili alitembea kanisani kwa miguu, fimbo mkono wa kushoto.

Kilichotushinda ni kumzuia kutibu wengine. Mwanamke yeyote wa kijijini aliyesema anaumwa, mama mkwe alimvuta pembeni, akamuuliza maswali ambayo mimi sikuruhusiwa kuyasikia, kisha akatangaza kwamba ni nyonga. Mgongo, nyonga. Kisigino, nyonga. Mke wa jirani wa radi aliumwa jino, uso umevimba, akaambiwa kwa upole ageuze mguu kwa ndani kidogo waone. Wengine aliwasindikiza mwenyewe hospitali ya Bariadi, kwa Kiswahili chake cha chumvi, akiwakataza waume na watoto wa kiume kuvuka mlango. Daktari mmoja kijana pale hospitalini alinikamata mjini akaniuliza kama huyo mama ni mkunga, nesi mstaafu, au nani.

Nikamwambia ni mama mkwe wangu, na kama ana mke, basi anajua mama mkwe hujibiwa kwa heshima.